Mahali pa kuamua, mahali pa kuona: kisa cha siku nne kwenye korongo la Deschutes

Waliohusika

Tulikuwa wanne, wote wasemaji wa Kiswahili tunaoishi Portland na viunga vyake, jimboni Oregon, Marekani. Majina nimeyaondoa, mwaka sitautaja, na mambo mawili matatu ya kumtambulisha mtu nimeyabadili. Mpangaji ni mimi, kwa hiyo lawama nyingi humu zina mwenyewe na hayuko mbali. Mzee ni mtu wa pwani ya Kenya, amevua mshipi tangu hajaota ndevu, na huku ugenini amejifunza uvuvi wa chambo cha manyoya, ile ndoana iliyofungwa manyoya na nyuzi ikafanana na mdudu au kidagaa. Muuguzi anatoka Bukavu. Ndiye aliyeshika makasia ya boti la pili, na kwa makasia ananishinda. Kijana ana miaka 24, mpwa wa rafiki yetu, na ilikuwa mara yake ya kwanza kulala mahali ambapo simu haishiki.

Shabaha ilikuwa moja: siku nne za mwisho wa Septemba, boti mbili za mpira, kuteremka sehemu ya chini kabisa ya mto Deschutes tukivua stilhedi.

Samaki na mto

Msomaji wa Kenya anamjua trauti wa mito ya Mlima Kenya na Aberdare, aliyeletwa na Waingereza mwanzoni mwa karne ya 20. Stilhedi ni spishi ile ile ya trauti wa upinde wa mvua, ila huyu hutoka mtoni angali mdogo, akaingia Bahari ya Pasifiki, akala akanenepa mwaka mmoja au zaidi, kisha akarudi mtoni kutaga. Kwenye Deschutes wengi hurudi na kilo mbili hadi nne, na nguvu za baharini bado zimo mwilini. Wanaanza kuingia Julai, wanaongezeka Agosti na Septemba, na Oktoba bado wapo. Baadhi yao hata si wa mto huo: ni wasafiri wa kwenda Idaho wanaokimbia joto la mto Columbia, wakaingia Deschutes kupoa kidogo kabla ya kuendelea na safari.

Mto wenyewe unatiririka kwenda kaskazini hadi Columbia. Kilomita 160 za mwisho ziko chini ya mabwawa ya umeme ya Pelton na Round Butte, na maji yake mengi yana asili ya chemchemi, kwa hiyo una sifa ya utulivu: mito ya jirani ikifurika au kukauka, Deschutes unabaki ulivyo. Sifa hiyo iweke akilini, maana ndiyo iliyoniponza.

Sehemu tuliyoitaka inaanzia Macks Canyon hadi mdomoni, kama kilomita 38. Hakuna barabara ya gari huko. Ukingo wa magharibi una reli inayofanya kazi hadi leo. Upande wa mashariki kuna tuta la reli iliyokufa, ukumbusho wa miaka ya 1909 hadi 1911, ambapo kampuni za Hill na Harriman zilishindana kupitisha reli korongoni, kila moja na ukingo wake. Kuta za korongo ni nyasi kavu na mawe meusi ya volkeno. Ukishasukuma boti pale Macks Canyon, njia ya kawaida ya kutoka ni moja tu: kuteremka mpaka mwisho, kupitia maporomoko ya Gordon Ridge, Colorado, Rattlesnake na Moody.

Tena kuna sheria moja ya mto huu ambayo wageni huipuuza: hairuhusiwi kuvua ukiwa ndani ya boti. Boti ni usafiri. Ukitaka kutupa mshipi, unashuka, unaingia majini kwa miguu. Kwa Mzee, aliyekulia kwenye ngalawa, hili halikuwahi kumwingia akilini. "Yaani samaki yuko chini ya chombo changu, na mimi nimuombe ruhusa nishuke?" Lakini sheria ni sheria, na katika kisa hiki ina uzito kuliko tulivyodhani.

Jinsi mpango ulivyofanywa

Mwezi Machi tulikubaliana tarehe, kwa sababu Muuguzi lazima aombe likizo miezi sita mbele. Kuanzia hapo nilifanya kazi ambayo bado naiona nzuri.

La kwanza lilikuwa ruhusa ya kuvua kwenyewe. Stilhedi wa mito hii huhesabiwa wakipita bwawa la Bonneville kwenye Columbia, na idadi hiyo ndiyo inayoongoza uamuzi wa kufungua au kufunga uvuvi. Mwaka 2021 waliopita walikuwa wachache kuliko mwaka wowote tangu hesabu ianze 1938, na Deschutes ukafungwa kwa stilhedi. Kwa hiyo Julai nzima nilikuwa nafungua hesabu za Bonneville asubuhi kama mtu anayetazama bei ya dola. Mwaka wetu hesabu zilitosha, mto ukafunguliwa.

La pili, vibali: leseni ya kila mtu na tiketi yake ya samoni na stilhedi, kibali cha boti kwa kila siku, choo cha kubebea kinyesi (huruhusiwi kuacha kitu), jiko la gesi kwa sababu moto wa kuni umepigwa marufuku hadi katikati ya Oktoba. La tatu, tulichagua wikendi ambayo boti za injini haziruhusiwi kupanda kutoka mdomoni, tupate kuvua kwa utulivu. La nne, dereva wa Maupin, mji mdogo wa mtoni, alikubali kuchukua gari letu Macks Canyon na kulipeleka Heritage Landing, kule mdomoni tutakakotoka mtoni.

Kila siku ilipangiwa kilomita kumi kasoro kidogo, kila kambi ilikuwa na jina. Nilichapisha karatasi nikaitia plastiki. Kwenye karatasi hiyo, safu ya "hali ya maji" ilikuwa na mstari mmoja: *angalia kipimo cha Madras siku moja kabla.* Hicho ni kituo cha mtoni kinachopima wingi wa maji yanayopita.

Siku tatu kabla ya kuondoka

Wiki ya mwisho kulikuwa na joto la ajabu kwa Septemba, siku tatu mfululizo. Kisha mvua ikanyesha. Tulipopita mlimani usiku wa Jumatano, vifutio vya kioo vilikuwa vinakwenda kwa kasi yote, na nakumbuka Muuguzi akisema, "Huku juu mwezi huu si ingekuwa baridi kali?" Nikajibu kwamba afadhali mvua kuliko theluji barabarani. Hilo jibu nimelirudia kichwani mara nyingi.

Nilikuwa nimeangalia Madras mchana. Karibu futi za ujazo 4,000 kwa sekunde, mstari umenyooka kama rula. Nikawatangazia kwenye kundi letu la WhatsApp: mto umetulia, tuko sawa.

Tulilala Maupin. Asubuhi maji yalikuwa ya kijani, angavu, unaona kokoto. Kijana akapiga picha. Mzee akasimama ukingoni na kikombe cha chai, akasema kwa sauti ya chini, "Leo, inshallah." Saa mbili na nusu nilimpigia dereva kuthibitisha, tukaingia barabarani.

Mistari miwili ya rangi

Barabara ya kutoka Maupin inafuata mto ukingo wa mashariki. Baada ya kama kilomita tisa, kutoka ukingo wa pili unaingia mto White (White River), unaoanzia kwenye barafu ya kudumu ya Mlima Hood. Joto likizidi, barafu huyeyuka na kuteremsha unga wa mawe. Mvua ya vuguvugu ikinyesha juu ya barafu hiyo, huteremsha zaidi.

Nikasimamisha gari. Mto ulikuwa umegawanyika kwa urefu. Upande wetu maji ya kijani ya Maupin yalikuwa bado yanakuja, na upande wa pili mkondo wa rangi ya saruji iliyokorogwa ulikuwa unasukumana nayo, mpaka baina yao umenyooka kama mshono wa nguo. Mita mia mbili chini mshono ulikuwa umeanza kufumuka. Kwenye maporomoko ya Sherars, kilomita tatu mbele, hapakuwa na rangi mbili tena. Kulikuwa na chai ya maziwa tu. Wavuvi wa makabila ya Warm Springs walikuwa kwenye majukwaa yao ya mbao, nyavu zao za mpini mrefu zikiingia kwenye povu, na kazi yao ilikuwa inaendelea: wavu hauhitaji samaki aone.

Mshipi unahitaji. Stilhedi hali sana akiwa mtoni. Anashambulia chambo kwa hasira au kwa mazoea, na lazima akione.

Mzee alitazama muda mrefu. "Bahari ikichafuka," akasema, "mvuvi hushona nyavu." Hakuongeza neno.

Uamuzi wa kwanza: kwenda

Tulikuwa na njia tatu. Kurudi Maupin na kuvua sehemu ya juu, kabla White River haujaingia, kwa siku nne, maji safi, tukilala kambi za kando ya barabara. Kusubiri siku moja kisha kuteremka. Au kwenda.

Tulikwenda, na sababu nitazieleza jinsi zilivyokuwa, si jinsi ninavyotamani zingekuwa. Niliyoyasema kwa sauti: matope ya White River kwa kawaida huisha siku moja au mbili mvua ikikoma, vibali vina tarehe, dereva yuko njiani kuchukua gari na pale Sherars simu haishiki. Nisiyoyasema: miezi saba nilikuwa nimewasifia hawa watu neno "hakuna barabara", na kurudi kuvua kando ya lami kulinionekea kama kula kiporo siku ya sikukuu. Kijana hakuulizwa. Muuguzi aliuliza kama kuna hatari yoyote kwenye boti. Nikamjibu kwa haki kwamba wingi wa maji haujabadilika sana, ni rangi tu. Mzee alishasema lake.

Kilomita 27 za changarawe hadi Macks Canyon tulizipita kimya kimya, vyombo vikigongana nyuma.

Siku ya kwanza na ya pili

Tulisukuma boti saa tano na nusu. Nilitumbukiza mkono majini, vidole vikapotea kabla maji hayajafika kifundo.

Alasiri ukaja upepo wa mbisho. Korongo la Deschutes lina tabia hiyo: joto likipanda huko ndani, hewa inavutwa kutoka Columbia, inapanda mto, na inakupiga usoni. Boti la mpira lenye mizigo ni tanga lisilotakiwa. Kuna wakati nilikuwa navuta makasia mkondo ukinisaidia, na bado jiwe la ukingoni lilikuwa linakwenda mbele yangu. Tulipata kilomita sita badala ya kumi. Jioni tulitupa mshipi bila kuamini.

Asubuhi ya pili Kijana aliingia majini mita thelathini chini ya kambi. Nilimwonyesha mwenyewe mahali: mtelemko mzuri wa kokoto, maji ya mapajani, mahali ambapo miaka iliyopita nilishapata samaki. Nilichosahau ni kwamba miaka hiyo nilikuwa naona miguu yangu. Mawe ya mto huu ni ya volkeno, yana ute, na chini yake kuna ngazi za ghafla.

Nilimwona akipiga hatua ya pembeni, kawaida kabisa, kama mtu anayeshuka ukingo wa barabara. Kisha bega lake likashuka, halafu kofia. Fimbo ilibaki juu sekunde moja, imesimama wima, ikaenda. Alipoibuka alikuwa mita kumi mbele, amelala chali, miguu imetangulia, jinsi tulivyofanya mazoezi Macks Canyon huku akicheka. Suruali yake ya mpira ilikuwa imefungwa mkanda kiunoni, kwa hiyo haikujaa. Jaketi la kujiokolea lilikuwa mwilini. Mkondo ulimbeba kama mita sitini, ukamwacha nyuma ya jiwe kubwa kwenye maji yaliyotulia, na Mzee, ambaye sijui alifikaje pale kabla yangu, akampokea kwa mpini wa kasia.

Alikuwa anatetemeka hata hawezi kufungua zipu. Muuguzi alichukua usukani wa mambo yote: nguo kavu, mfuko wa kulalia, chai ya tangawizi yenye sukari ya kukoroga kijiko kikasimama, na amri ya kutosogea kwa saa mbili. Kijana alitaka kuomba radhi kwa fimbo. "Nyamaza, kunywa," akamwambia. Kisha akanigeukia: "Mpangaji, tuzungumze. Na papa naye aje." Papa ni Mzee; kwa Kiswahili cha Bukavu ni baba, si samaki.

Uamuzi wa pili: kubaki, kwa masharti

Kikao kile cha mawe matatu ndicho kilichookoa safari.

Muuguzi alitaka tutoke. Kilomita 32 zilizobaki zinaweza kupigwa kwa siku moja ndefu ukianza alfajiri kabla ya upepo. Mimi nilitaka kubaki. Mzee aliuliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: "Matope haya yanaisha lini? Nani anajua?"

Hakuna aliyejua. Ila tulikuwa na kifaa cha ujumbe wa setilaiti, ambacho nilikibeba kwa ajili ya ajali. Tulimtumia rafiki mmoja Portland maswali mawili: mvua imekoma mlimani? Kipimo cha Moody kinasemaje? Moody kiko karibu na mdomo wa mto, chini ya White River. Baada ya saa moja jibu likaja: mvua imekoma, usiku huu baridi ya kuganda itashuka hadi kwenye barafu, na Moody kilipanda Jumatano usiku, sasa kinashuka.

Barafu ikiganda, unga wa mawe unabaki mlimani. Kwa hiyo tulikubaliana kubaki, kwa masharti ya Muuguzi: hakuna kuingia maji kupita goti mpaka uione miguu yako, hakuna kuvua peke yako, na kama kesho mchana maji hayajabadilika, tunapiga makasia hadi mwisho. Masharti tuliyaandika nyuma ya ile karatasi yangu ya plastiki, kwa kalamu ya Kijana, juu ya ratiba za kambi ambazo hazikuwa na maana tena.

Siku ya tatu na ya nne

Asubuhi niliona goti. Alasiri niliona kidole cha buti kwa shida. Tulibadili uvuvi: chambo kikubwa cheusi, mshipi wa kuzama, kutupa karibu na ukingo, maana kwenye maji machafu samaki husogea kwenye mkondo laini wa kando. Ukingo wa kando ndio tulioruhusiwa kusimama pia, kwa hiyo mara hii samaki na masharti walikubaliana.

Saa kumi na mbili kasorobo jua liliacha maji, kivuli cha ukuta wa magharibi kikavuka mto. Hiki ndicho kipindi cha Deschutes. Mzee alikuwa amesimama kwenye nyasi, kavu kabisa, anapiga hatua moja kwa kila mtupo. Mshipi ulisimama. Hakuuvuta. Aliuacha uende mpaka ukakaza wenyewe, kama anavyofanya kwenye mshipi wa mkono, na ndipo maji yakapasuka mita ishirini mbele.

Ilichukua dakika kumi hivi. Alipomleta ukingoni nilipiga magoti kumtazama mgongo: pezi dogo la mafuta, lile la nyuma karibu na mkia, lilikuwepo. Samaki wa vituo vya kutotolea hukatwa pezi hilo wangali wadogo; mwenye pezi ni wa mtoni, na lazima arudi. Mzee alimshika shina la mkia ndani ya maji, hakumtoa, mpaka akajinyanyua mwenyewe akaondoka. Kisha akaosha mikono kwa mchanga. "Huyu," akasema, "ametoka mbali kuja kunisalimia."

Siku ya nne mimi nilimpoteza mmoja. Gordon Ridge tulikuwa tumeshaipita jana yake. Tulishuka kuikagua Colorado kwa miguu kabla ya kuiteremka, tukapita zote bila kubahatisha, tukafika Heritage Landing saa saba, kabla ya upepo.

Matokeo

Siku nne, watu wanne, samaki mmoja aliyeshikwa na kurudishwa, mmoja aliyepotea. Fimbo moja imekwenda na mto. Kijana alibaki na jeraha la goti na heshima mpya kwa maji. Sanduku la barafu lilirudi na barafu tu.

Yaliyofanya kazi

Kalenda ya samaki ilikuwa sahihi, walikuwepo. Kufuatilia Bonneville kulitupa uhakika wa kisheria miezi miwili mbele. Mkanda wa kiuno na zoezi la kuelea chali, tulilolifanya kwa mzaha dakika tano, ndivyo vilivyofanya ile sehemu ya mita sitini iwe hadithi ya kusimuliwa na mwenyewe. Boti mbili badala ya moja zilitupa nafasi ya kupokeana. Kifaa cha setilaiti kiligeuka kuwa chombo cha habari, na nadhani hapo ndipo thamani yake kubwa ilipo: watu wengi hukibeba kama kizima moto, wanakitazama tu.

Na kile kikao. Kilikuja baada ya ajali, ndiyo. Ila kilikuwa na maswali, na kilikuwa na mtu mwenye haki ya kusema hapana.

Yaliyoshindwa

Kosa la kiufundi ni rahisi kulieleza. Kipimo cha Madras kiko juu ya White River, tena chini tu ya mabwawa. Kinakuambia wanaoendesha mabwawa wameachia maji kiasi gani. Habari za mlimani hakina. Ukitaka kuteremka chini ya White River, tazama Madras na Moody pamoja: Moody kikipanda huku Madras kimelala, kuna kitu kimeingia katikati. Na hata hivyo, namba ni wingi, si rangi. Maji yanaweza kuwa yale yale yakawa saruji.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa la mahali. Simu ilishika Maupin. Gari lilikuwa bado letu Maupin. Hapo ndipo kubadili mpango kulikuwa hakugharimu kitu, na hapo maji yalikuwa safi, kwa sababu Maupin iko juu ya White River. Kila tulichokiona pale kilitudanganya bila kusema uongo. Tulipofika mahali pa kuona, mahali pa kuamua palikuwa tayari nyuma yetu, na ilitubidi tuseme "turudi", neno ambalo linatoka mdomoni kwa shida kuliko "twende".

Sikuwa nimefunga fundo baina ya sheria ya boti na hatari ya tope. Mahali pengine maji yakichafuka unabaki chomboni, unavua kwa uvivu, salama. Deschutes kuvua ni kuingia maji kwa miguu. Tope likiondoa uwezo wa kuona miguu, limeondoa uvuvi wenyewe, na aliyebaki anavua anavuka mpaka wa usalama kila hatua. Kumpeleka mtu wa mara ya kwanza kwenye hali hiyo, na kumchagulia mahali kwa kumbukumbu ya maji safi, ni jambo nisilolitafutia udhuru.

Mpango wa kilomita kumi kwa siku ulikufa na upepo wa siku ya kwanza. Haukuwa na madhara, ila ulitunyima asubuhi nzuri moja tukikimbilia kambi yenye jina badala ya kukaa penye kivuli.

Muuguzi aliusoma uchambuzi huu kabla sijautoa na hakubaliani na mpangilio wangu. Kwake, vipimo na mahali ni matokeo tu. Kosa ni kwamba pale kwenye mistari miwili ya rangi Mzee alisema kwa methali na mimi nikaichukua kama pambo la mazungumzo. "Papa alisema hapana," ananiambia. "Alisema kwa adabu." Nusu namkubalia. Nusu nyingine nasema tuliolelewa kuwasikiliza wazee tunajua pia kuwaitikia bila kuwasikia, na dawa yake ni kuwa na swali la ndiyo au hapana kwa kila mtu, akiwemo Kijana, kabla funguo hazijatoka mkononi.

Baadaye

Wiki mbili baada ya safari nilimpigia yule dereva wa Maupin kumlipa salio. Kila siku ya msimu huwa anapita Sherars, mara mbili, kwenda na kurudi. Nikamuuliza kama asubuhi ile, nilipompigia saa mbili na nusu tukiwa bado tunakunywa chai, alikuwa anajua mto una rangi gani.

Alikuwa anajua tangu jana yake jioni.

"Mbona hukuniambia?"

"Nilidhani mnateremka maporomoko tu," akasema. "Hukuniuliza kama mnavua."